Titani, mfupa wako, simenti, au tundu liachwe wazi? Kuchagua kabla ya upasuaji wa neva ya uso

Karatasi ya makadirio tuliyopewa hospitalini, ya kumpasua shangazi kwa maumivu ya neva ya uso, ilikuwa ya kurasa mbili. Tuliisoma sebuleni kwake kule Bombo, Uganda, watu saba tukipokezana, chai ikipoa. Kitanda, dawa ya usingizi, nyuzi, damu ya akiba, vyote vilipita bila neno. Tulipofika kwenye mstari wa wavu wa titani na skrubu zake, baba mdogo akavua miwani.

"Hiki chuma ndicho kinachotibu?" akauliza. "Kama ndicho, tulipe. Kama sicho, kimeandikwa cha nini?"

Nilikuwa nimeshamwuliza daktari maswali chungu nzima, na hilo halikunijia. Jibu lake tulilipata wiki iliyofuata. Titani haiugusi ugonjwa. Kinachoondoa maumivu ni kipamba cheupe cha Teflon kinachotiwa kati ya mshipa wa damu na neva, ndani kabisa ya kichwa. Titani inakuja mwishoni, kuziba tundu la mfupa alilopitia daktari. Hakuna aliyepona kwa sababu ya titani. Hata hivyo, tundu likizibwa vibaya au likiachwa bila hesabu, mtu anaweza kupona uso akabaki na kichwa kinachomuuma kwa miezi.

Njia za kuliziba ziko nne, na bei zake zimeachana sana. Hapa naziweka pamoja jinsi tulivyozipima sisi, nikianza na mambo mawili ambayo ni lazima yatangulie.

Hakikisha kwanza ni ugonjwa huu

Neva ya tano ya kichwa huitwa trijemina kwa kuwa ina matawi matatu: la paji la uso, la shavu na la taya. Ikiugua kwa namna hii, mtu hupigwa kama shoti ya umeme upande mmoja wa uso, sekunde chache, pengine hadi dakika mbili, kisha kimya, kisha tena. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na wengi wao wameshapita miaka 50.

Shangazi alikuwa na 61. Upepo wa bodaboda ulitosha kumliza. Alijifunga mtandio mpaka chini ya macho akienda Wobulenzi kuuza kawa zake, na pikipiki ikipanda tuta yeye anashika shavu badala ya kumshika dereva. Muhindi wa kuchoma akauacha. Akaacha mswaki upande wa kushoto. Mwisho akawa anakunywa uji kwa mrija, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza kitu sakafuni.

Magego mawili yalishang'olewa kwenye kliniki moja ya meno kabla ya mtu yeyote kuitaja neva. La kwanza nililiona kwenye kibeseni, zima, mizizi safi. La pili lilifuata miezi mitatu baadaye kwa sababu la kwanza "halikuwa lenyewe". Kisa hiki ni cha kawaida mno kwa wagonjwa hawa, hapa na duniani kote, maana tawi la taya ndilo linalohudumia meno ya chini, na ubongo hauna njia ya kujua kama kelele imetoka kwenye jino au kwenye waya wake. Jino lisilo na tundu, lisilouma kwa maji ya moto wala ya baridi, ila linapiga shoti ukigusa mdomo, lisikimbiliwe na koleo.

Dawa ya kwanza ni kabamazepini, ileile ambayo vituo vyetu vya afya vinaijua kama dawa ya kifafa. Ilianza kutumiwa kwa maumivu haya mwaka 1962 na bado haijapata wa kuiondoa kwenye nafasi ya kwanza. Inafanya kazi vizuri kiasi kwamba mtu asiyepata nafuu yoyote kwayo, daktari huanza kuutilia shaka ugonjwa wenyewe. Ubaya wake ni usingizi, kizunguzungu, na chumvi ya damu kushuka. Vipele vikitokea, hasa vyenye malengelenge mdomoni au machoni, ni hospitali siku hiyohiyo. Na wanaotumia ARV waseme mapema bila kuona haya: kabamazepini huipunguza nguvu dolutegraviri, mojawapo ya dawa hizo, mwilini, na kidonge cha miligramu 50 kinachomezwa mara moja kwa siku kinalazimika kumezwa mara mbili. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo hupunguzwa nguvu.

Upasuaji unazungumzwa pale dawa inapoacha kutosha, au inapomlevya mtu asiweze kuishi nayo. Kabla yake ni lazima MRI, picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Picha hiyo huonyesha kama kuna mshipa wa damu uliolalia neva, na huondoa shaka ya uvimbe au ugonjwa mwingine. Kama hela ni ya kitu kimoja tu, ilipe MRI kwanza.

Kinachofanyika nyuma ya sikio

Daktari Mmarekani Walter Dandy ndiye aliyeandika, miaka ya 1930, kwamba alipoifungua njia ya neva hii alikuta mara nyingi mishipa ya damu imeibana. Miaka ya 1960 Mmarekani mwingine, Peter Jannetta, akaingia na hadubini na kulifanya jambo hilo kuwa tiba inayofundishika: nenda hadi kwenye neva, inua ateri inayoigonga, weka kitu laini katikati, toka.

Nywele hunyolewa kidogo nyuma ya sikio, ngozi na misuli hukatwa sentimita chache. Kisha mfupa hutobolewa tundu la upana wa sentimita mbili na nusu hadi tatu, kuzidi kidogo sarafu yetu ya shilingi 500. Mahali penyewe si pa mchezo. Njia mbili kubwa za damu ya ubongo hukutana hapohapo chini ya mfupa. Utando wa ubongo hufunguliwa, ubongo wa nyuma husogezwa taratibu, na mara nyingi anayekutwa na hatia ni ateri ya juu ya ubongo huo wa nyuma, imejikunja juu ya neva na kuigonga kwa kila pigo la moyo. Teflon inayotiwa katikati ni ileile ya kikaango kisichogandisha chakula, ila hapa imesokotwa kama pamba.

Kundi la Jannetta lilitoa hesabu yake mwaka 1996, kwa wagonjwa 1,185. Miaka 10 baada ya kupasuliwa, asilimia 70 walikuwa hawana maumivu na hawamezi dawa. Wawili walikufa. Kumi na sita walipoteza usikivu wa sikio la upande ule. Matokeo kama hayo yanatokana na mkono uliozoea na hadubini nzuri, na ndiyo maana fedha yenu ya pili, baada ya MRI, iende kwa daktari aliyeshafanya kazi hii mara nyingi. Mwulizeni: amefanya ngapi? Daktari wetu hakukasirika kuulizwa. Mwenye kukasirika ningemwogopa.

Sasa tundu.

Kuliacha wazi

Hii ndiyo njia kongwe, na bado ipo. Mfupa husagwa kwa keekee mpaka ukawa unga, daktari anafanya kazi yake, anashona utando, kisha anarudisha misuli ya shingo tabaka kwa tabaka juu ya tundu. Haigharimu chochote na haiachi kitu kigeni mwilini, na kisichokuwepo hakipati maambukizi. Misuli ya pale ni minene, kwa hiyo ubongo haubaki uchi kama watu wanavyodhani. Madaktari wengine hukusanya ule unga wa mfupa na kuujaza tena tunduni, na huo ni ujanja mzuri usiohitaji senti.

Tatizo ni kichwa. Pasipo mfupa katikati, misuli ya shingo hushikana na utando wa ubongo, na utando huo una hisia. Ukigeuza shingo, ukikohoa, unavutwa. Maumivu ya kichwa baada ya upasuaji wa eneo hili huonekana zaidi kwa walioachwa wazi kuliko waliozibwa, na kwa wengine hukaa muda mrefu. Pia hubaki kibonde nyuma ya sikio ambacho mkono unakiona kila unapooga.

Lingine ni maji ya ubongo kuvuja na kukusanyika chini ya ngozi, au kutokea puani kupitia vishimo vya hewa vilivyo ndani ya mfupa wa sikio. Kinga kubwa ya hilo ni mshono wa utando, na vile vishimo kuzibwa kwa nta ya mfupa. Daktari aliyeshona utando sawasawa akaacha wazi amekusaidia kuliko aliyeshona ovyo akafunika kwa titani. Wavu una matundu, hauzuii maji.

Mfupa wako kurudishwa, na pleti ndogo

Hapa mfupa hausagwi. Unakatwa kama kifuniko, unawekwa pembeni kwenye bakuli la maji ya chumvi, na mwisho unarudishwa mahali pake. Hushikizwa kwa pleti mbili au tatu za titani, kila moja ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, na skrubu za urefu wa milimita nne hivi.

Kama uamuzi ungekuwa wangu peke yangu, hii ndiyo ningeichagua kila inapowezekana. Mfupa ni wa mtu mwenyewe, mwili haubishani nao, umbo linarudi, na titani inayotumika ni kidogo sana hivyo bei inashuka. Mwulizeni daktari kama kifuniko kinaweza kufungwa kwa nyuzi nene zinazopitishwa kwenye vitundu pembeni, bila titani kabisa. Inafanyika, hasa pale ambapo pleti hazipatikani. Ila kifuniko kilichofungwa kwa nyuzi hucheza kidogo, na baada ya muda chaweza kuzama.

Kikwazo cha njia hii watu hawakisikii mpaka siku ya upasuaji. Kukata kifuniko kizima kunahitaji mashine yenye ncha maalumu, na mahali penyewe, kama nilivyosema, pana njia kubwa za damu zilizogandamana na mfupa kwa chini. Kwa mtu wa umri mkubwa, utando umeshikamana na mfupa kama ukoko na sufuria. Ukilazimisha kubandua, unachana njia ya damu. Daktari mwenye busara akiona hivyo huacha kukata, husaga taratibu, na kifuniko hakipo tena. Kwa hiyo mnaweza kuchagua njia hii na msiipate. Kumbukeni hilo mnapopanga fedha.

Wavu wa titani

Wavu ndio uliomtoa baba mdogo miwani. Ni kibati chembamba chini ya milimita moja, kimejaa matundu kama chujio la chai, na daktari hukikata kwa mkasi kulingana na tundu lililopo, hukikunja kwa vidole kifuate mviringo wa fuvu, kisha hukipiga skrubu pembeni. Dakika chache kimekaa. Nguvu yake iko palepale, haingoji kukauka wala kuota.

Mbona titani na si chuma kingine? Nafikiri inafaa mtu ajue anacholipia. Ikikutana na hewa tu, titani hujivika ngozi nyembamba ya oksidi isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo ndiyo inayoifanya isishike kutu wala kugombana na damu. Uzito wake ni gramu 4.5 kwa sentimita moja ya ujazo, wakati chuma cha pua kinakaribia 8. Zaidi ya hayo, mfupa unaipenda. Msweden Per-Ingvar Brånemark aligundua miaka ya 1950, akichunguza mifupa ya sungura, kwamba vyombo vyake vya titani vilikataa kutoka kwa sababu mfupa ulikuwa umeota ukavishika. Mwaka 1965 akaweka meno ya bandia ya namna hiyo kwa mtu wa kwanza. Skrubu za fuvu zinanufaika na tabia hiyohiyo.

Ubaya: bei, kwanza. Pili, kikiingia maambukizi, dawa peke yake mara nyingi haitoshi, wavu hutolewa, na hapo mmelipia kuwekwa na kutolewa. Tatu, kingo zake ni kali zisipolazwa vizuri. Habari za wavu kutoboa ngozi zipo, lakini nyingi ni za mabamba makubwa juu ya kichwa ambako ngozi ni nyembamba. Nyuma ya sikio misuli inaufunika.

Mzio wa titani ni adimu. Wanaowashwa na hereni za bei rahisi kwa kawaida wanawashwa na nikeli. Semeni tu kwa daktari, lakini hilo peke yake lisiwafanye muikimbie titani.

Simenti ya mfupa

Unga na maji yake vinakorogwa hapohapo mezani, na chumba kizima kinanuka kama saluni ya kucha. Kwa dakika kumi hivi unakuwa kama unga wa chapati, daktari anaukandika tunduni, kisha unakauka ukawa mgumu kama jiwe. Ni simenti ileile inayoshikilia nyonga za bandia, na kwa sababu hiyo mara nyingi ipo hata pale ambapo wavu haupo. Bei yake ni nafuu na umbo linatoka zuri.

Inapokauka inatoa joto kali, la kuunguza, kwa hiyo lazima imwagiwe maji na utando ulio chini ulindwe. Na haishikani na mfupa. Inakaa tu pale ilipobanwa, siku ikilegea imelegea. Ikipata maambukizi hutoka yote. Madaktari wengine huimwaga juu ya kipande cha wavu ili ishike, na mchanganyiko huo ni wa haki kabisa kwa mfuko wa kati.

Ipo pia simenti nyingine inayofanana na madini ya mfupa wenyewe, hidroksiapatiti, ambayo mfupa huweza kuishika. Ni ghali na haipendi unyevu wakati wa kuwekwa. Sikuona sababu ya familia ya kawaida kuuza shamba kwa ajili yake, kwa tundu la ukubwa huu.

Titani ikiwa ndani, karibu na neva

Kuna mahali pamoja ambapo titani inaukaribia ugonjwa wenyewe. Kwa watu wachache, kinachoibana neva ni ateri kubwa ya shina la ubongo, imenenepa na kupinda, na kipamba cha Teflon hakiwezi kuishikilia. Daktari huivuta pembeni kwa kitanzi, na kitanzi hicho chaweza kufungwa kwa klipu ya titani kwenye utando wa jirani. Upasuaji huo ni mgumu zaidi, na klipu hiyo hukaa maisha yote.

Klipu inataka maswali makali kuliko wavu. Miaka ya nyuma zilikuwepo klipu za chuma kinachovutwa na sumaku, na mtu aliwahi kufa ndani ya mashine ya MRI kwa klipu iliyogeuka juu ya mshipa wa ubongo. Titani haivutwi na sumaku. Aliyewekewa klipu yoyote kichwani aondoke hospitali na jina lake na namba yake kwenye karatasi.

Sumaku, dhahabu na stika

Mjomba alikuja na sumaku ya spika ya redio, akisema tutaujaribu wavu kabla ya kulipa. Wazo zuri, kipimo kibovu. Chuma cha pua kinachotumika kwenye vipandikizi vya mifupa nacho karibu hakivutwi na sumaku. Sumaku itakuambia kitu ni chuma cha kawaida, haitakuambia ni titani.

Rangi nayo haisemi ukweli. Titani ya kawaida ni ya kijivu, lakini viwanda huipitisha umeme ndani ya maji maalumu na ile ngozi ya oksidi huongezeka unene, mwanga ukaonekana wa dhahabu, wa buluu au wa zambarau. Hakuna rangi iliyopakwa. Hutumiwa kutofautisha ukubwa wa pleti na skrubu.

Kinachosema ni stika. Kipandikizi halali huja na lebo yenye jina la kiwanda, namba ya toleo, na aina ya chuma, na vibandiko vyake kwa kawaida huwa zaidi ya kimoja ili kimoja kibandikwe kwenye faili la mgonjwa. Ombeni nakala yenu. Kama hakuna stika, ulizeni kipandikizi kimetoka wapi. Skrubu iliyobaki kwenye trei bila kutumika huuliwa vijidudu kwa mvuke mkali na kurudishwa, hilo halina neno. Iliyokwishatolewa kwenye kichwa cha mtu mwingine haiingii kwa mwingine, hata ikioshwa kwa maji ya Zamzam.

MRI baadaye inawezekana, ukiwaambia mafundi mapema. Wavu huacha kivuli kidogo kwenye picha karibu na pale ulipo. Shangazi aliulizia Makka: mlango wa ukaguzi wa uwanja wa ndege utalia? Kwa vipande vidogo vya titani mara nyingi haulii, na ukilia karatasi ya hospitali inatosha.

Nani asihangaike na uchaguzi huu

Mzee dhaifu, mwenye moyo mbovu, au ambaye MRI haikuonyesha mshipa wowote, huenda asihitaji kufunguliwa. Kuna njia za sindano inayopitishwa shavuni hadi kwenye mzizi wa neva, kisha neva ikaunguzwa kwa joto, ikabanwa kwa puto dogo, au ikamiminiwa gliserini. Hakuna tundu la kuziba, hakuna titani. Bei yake ni ganzi ya uso, na maumivu hurudi mapema zaidi kuliko baada ya kutenganisha mshipa na neva. Ipo pia mionzi inayolengwa kwenye neva, ambayo kwa mgonjwa wa hapa huja na tiketi ya ndege.

Kwa wanaofunguliwa hapa nchini: upasuaji wa ubongo katika hospitali ya Mulago ulianza mwaka 1969, na leo madaktari bingwa wako Kampala na hata Mbarara. Hospitali ya CURE ya Mbale, ambayo jina lake hutajwa kila mtu anaposikia neno ubongo, ni ya watoto. Tuliona mzee mmoja aliyetoka Soroti hadi Mbale na maumivu ya uso, akaelekezwa Kampala, nauli ikaenda bure.

Tulichochagua, na tulichopata

Tulikubaliana na mfupa wake mwenyewe kwa pleti mbili. Lakini baba mdogo, ambaye ni fundi seremala na hamwamini mtu anayesema kazi itakwenda kama ilivyochorwa, akamwuliza daktari: "Na mfupa ukikataa?" Daktari akajibu kwamba kwa umri wa shangazi huenda ukakataa, na hapo atasaga na kuweka wavu. Tukaomba makadirio mawili yaliyoandikwa, la pleti na la wavu, na tukachanga kwa kufuata la juu. Hili ndilo ninalomshauri kila anayeniuliza: msikubali bei moja.

Mfupa ulikataa. Saa ya pili ya upasuaji muuguzi alitoka kutuambia, na hakuna aliyelazimika kukimbilia kwenye simu kutafuta hela. Wavu ulikatwa, skrubu sita zikaingia.

Shoti zilikoma siku ileile. Kichwa kilimsumbua wiki tatu, kisha kikatulia. Aliambiwa asiiname, asibebe ndoo, asijikamue chooni, kwa muda wa wiki kadhaa, ili maji ya ubongo yasipate njia. Akawa anaswali ameketi kwenye kiti cha plastiki, kibla kikiwa upande wa jiko, akilalamika kuwa harufu ya chapati inamharibia nia.

Siku ya kuondoka muuguzi alimpa nakala ya stika, akamwonyesha kwenye trei kipande cha wavu kama ule aliowekewa. Kilikuwa cha rangi ya dhahabu. Shangazi akakitazama kwa muda, akaligusa bandeji nyuma ya sikio, akaniinamia.

"Hii karati ngapi?" akaninong'oneza.

Nikamwambia ni titani, rangi tu.

"Usimwambie baba yako mdogo," akasema, akaikunja stika akaitia ndani ya kitambulisho chake cha taifa. "Mwache ajue amelipa dhahabu."